Mwaka Nilioitwa Nisikoomba

Waliposema kwenye mazishi kwamba Madam Risper ameitwa, nilicheka. Sikucheka kwa sauti ya kufika mbele kwenye jeneza, lakini mama aliyeketi karibu nami chini ya hema aligeuka akanitazama vibaya, akasogeza kiti chake. Tulikuwa nyumbani kwa marehemu, ndani huko Rangwe, jua limewaka, wapishi wanagombana nyuma ya nyumba juu ya sufuria. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema Mungu amemwita mwalimu aliyefanya wasichana wengi wa Homa Bay na Migori waitwe, na watu wakapiga makofi. Kwetu neno hilo lina kazi mbili. Anayekufa ameitwa, na anayepata nafasi chuo kikuu ameitwa. Hakuna anayeuliza ameitwa wapi, wala kwenda kufanya nini. Ukiitwa umeitwa, kuku anachinjwa. Yule mama aliyelala kwenye jeneza alilijua neno hilo vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, na kwa neno hilo alininyang'anya udaktari. Binti yake alikuja akaniuliza kama ningependa kusema machache kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Nikamwambia koo linanisumbua. Niliondoka kabla ya chakula, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasema machache hayo peke yangu jikoni, kwa hiyo afadhali niyaandike.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimefundisha Awendo miaka mingi, malori ya miwa yakipita nje ya dirisha, na sifundishi vibaya. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nalia kwa sababu maisha yamenishinda. Hayajanishinda. Nina hasira tu, na nimeambiwa na watu wa kanisani, na mume wangu, na hata daktari wa presha, kwamba hasira ya miaka mingi namna hii haifai. Wote hao waliingia wenyewe kwenye milango waliyoichagua. Daktari wa presha hasa sipendi anapoanza kunihubiria.

Mwaka ninaousema ni wa katikati ya miaka ya tisini, ila chanzo chake ni mwaka uliotangulia, bwaloni, kwenye shule ya bweni ya wasichana huko Homa Bay. Siku hizo mambo yalikwenda kinyumenyume: mtu alichagua kozi ya chuo kikuu kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Mwanzoni mwa kidato cha nne tuliketishwa bwaloni baada ya chakula cha mchana, meza bado zinanuka maharagwe na maji ya sabuni, tukagawiwa fomu za bodi ya vyuo vikuu na kuambiwa tuandike tunataka kuwa nani. Ulijipima kwa mitihani ya shule tu, na yangu ya kidato cha tatu ilikuwa imenipa B. Madam Risper, mwalimu mkuu wetu, alitaka tuandike kwa penseli. Ndivyo alivyofanya kazi yake kila mwaka. Msichana anaandika kwa penseli, Madam anapita, anafuta, anarekebisha, halafu msichana anatia wino juu ya mawazo ya Madam. Mimi niliandika udaktari nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Nyar Migori," aliniita alipofika kwangu, maana ndivyo walivyoniita pale, binti wa Migori. "Udaktari, udaktari, udaktari. Hii ni fomu ama unaita ng'ombe?"

"Ndicho ninachotaka, Madam."

"Kutaka ni kitu moja. Na hii B yako utatibu nani? Kuku?"

Bwalo zima lilicheka, na mimi nikacheka pia kwa kuwa machozi yalikuwa karibu. Alitoa kifutio mfukoni mwa sweta, akafuta nafasi zote tatu bila haraka, akapuliza makombo. "Weka ualimu hapa na hapa. Wewe soma. Ukipata A, kuna muda wanatoa ya kubadilisha baada ya matokeo. Utarudi kwangu tubadilishe. Si mimi niko hapa?" Nilitia wino. Nilimwamini, na kwa nini nisimwamini? Alikuwa analijua jina langu, na la kila msichana mwingine mle ndani, na akikuta unakohoa usiku wa maombi anavua shali yake anakufunga.

Hilo ndilo linaloniudhi watu wanaposema alitupenda. Alitupenda kweli. Alitupenda kama mama anavyowapenda kuku wake, anawalisha vizuri na jioni anawahesabu. Ofisini kwake kulikuwa na ngao ya mbao iliyokuwa ikipewa shule iliyoongoza kwa wanafunzi walioitwa, na kila mwaka alipigana kufa na kupona isihamie shule ya wavulana ya ng'ambo ya barabara. Udaktari ulikuwa na nafasi chache na waombaji wengi. Ualimu ulikuwa na nafasi tele. Msichana aliyeomba ualimu aliitwa. Aliyeomba udaktari pengine angeitwa na pengine angeachwa, na aliyeachwa alikuwa pengo kwenye hesabu ya Madam. Mimi leo ni mwalimu, ninajua raha ya kuona wanafunzi wako wameitwa, najua mwalimu mkuu anavyohojiwa wasipoitwa. Ninaelewa kila kitu alichofanya, na kuelewa hakujanisaidia hata kidogo.

Baada ya mtihani nilishukia Migori kwa shangazi yangu Plista, aliyekuwa na hoteli karibu na daraja. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, benchi mbili ndefu, meza zenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyala, na nyuma yake jiko la kuni ambamo nilikanda chapati na kukaanga omena mpaka nywele zikanuka samaki kila siku ya wiki. Kazi ile ilinifunza kusikiliza. Wateja hula wakizungumza kana kwamba anayewawekea chai hana masikio. Nilisikia habari za magendo ya mpakani, habari za wanaume wanaochimba dhahabu na wake zao wanaochimba kaburi la ndoa, na karibu kila siku nilisikia habari za wagonjwa. Mzee mmoja muuza ngozi alikaa asubuhi moja na uji wake ukapoa. Mwenzake akamuuliza vipi mgonjwa nyumbani. "Tulimpeleka," akasema. "Daktari ni mmoja. Alikuwa ndani anapasua mtu mwingine. Tukaambiwa tungoje, tukangoja." Mwenzake akavua kofia. Nilikwenda nyuma nikasimama mbele ya jiko. Nilikuwa nimetaka udaktari tangu utotoni kama watoto wanavyotaka vitu, kwa sababu ya koti jeupe. Siku ile niliutaka kwa sababu nyingine. Daktari alikuwa mmoja, na angeweza kuwa wa pili.

Aliyeniletea matokeo ni Mwalimu Mwita, naibu wa Madam Risper, Mkuria mrefu mpole aliyepitia Migori kila alipokwenda kwao Kehancha. Aliingia hotelini, akainama kukwepa mlango, akaniona na kikapu cha chapati mikononi. "Binti, umepata A," alisema. "Na si A ya kuchungulia. Sasa sikiza, rudi Homa Bay upesi. Fomu za kubadilisha chaguo zimetoka, na wanatoa wiki chache tu." Shangazi Plista alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama darajani kuangalia. Mzee muuza ngozi alisimama, akanipa mkono kwa heshima kama mtu mzima, akasema, "Daktari." Basi ikawa hivyo. Daktari, lete chumvi. Daktari, chai yangu haina sukari. Nililala usiku ule nikitabasamu gizani.

Madam Risper alinipokea kwa kucheza. Sidanganyi, alicheza mlangoni, akanikumbatia, akaniingiza sebuleni kwenye nyumba yake ya shule, iliyokuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma kila mahali, hata juu ya redio. Nilikuwa na fomu yangu ya kubadilisha, Mwita alikuwa amenipa. Nilikuwa nimeshaijaza, kwa wino, udaktari nafasi ya kwanza. Ilihitaji saini na muhuri wa mwalimu mkuu tu, kisha ipelekwe Nairobi. Aliitazama akaiweka juu ya redio. "Kwanza kula," alisema. Aliniwekea ngege mzima peke yangu, wa kuchemshwa na nyanya, na ugali wetu, kuon, uliofunikwa kwa sahani, pamoja na mboga za kienyeji zilizolala na maziwa. Mpaka leo sijala samaki mtamu kama yule. Wakati nakula, Mwita alifika, wakabaki barandani wakizungumza, na kwa kuwa yeye ni Mkuria na Madam ni Mjaluo, walizungumza Kiswahili, dirisha likiwa wazi.

"Madam, msichana amekuja na fomu. Muhuri si uko kwa droo?"

"Pole pole, Mwalimu. Anakula."

"Lakini siku zinaisha."

"Akibadilisha akose, tutasema nini? Kwa ualimu huyu ameshaitwa, hata barua bado. Nimwachilie aende kubahatisha?"

"Ni maisha yake, Madam."

"Na shule ni ya nani?"

Nilisimama na mikono yenye mchuzi nikaenda mlangoni. Nikasema, "Madam, nimesikia mwalimu akisema muhuri uko." Alicheka, kicheko kizuri cha mtu asiye na la kuficha. "Huo anasema ni wa maktaba, nyathina, mwanangu. Wa shule karani amefungia, na yeye ameenda matanga Oyugis. Wacha fomu hapa. Jumatatu napiga muhuri na natuma mimi mwenyewe." Mwita alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha Madam akanishika mikono, na mchuzi wote ule, akafumba macho akaniombea masomo mema. Watu huniuliza kwa nini sikuichukua fomu yangu nikatoka. Hao hawajalelewa kwetu. Mtu mzima akishakulisha samaki mzima, na mikono yako imo mikononi mwake, na anamtaja Mungu, humwambii uso kwa uso kwamba anadanganya. Yeye alilijua hilo, ndiyo maana alipika. Na Mwita naye, kwa upole wake wote, nimemkasirikia. Upole wa kuangalia viatu haukunisaidia chochote.

Nilirudi Migori nikangoja. Wiki zilipita, sikusikia neno. Asubuhi moja nilivua aproni nikaenda ofisi ya elimu ya wilaya, si mbali na hoteli, kwenda kuuliza tu kama fomu zinazotumwa na shule hujibiwa. Nilimkuta karani, mama mnene mchangamfu aliyekuwa anatafuna njugu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya kubadilisha ilifungwa Ijumaa, mama," akasema.

"Yangu ilitumwa na mwalimu mkuu wangu, Homa Bay."

"Alikupatia nakala?"

"Hapana."

"Basi hakutuma. Wanaotuma huwa wanapatia mtoto nakala." Alikung'uta maganda ya njugu, akanitazama kwa huruma iliyonichoma. "Kwani ulienda mpaka Homa Bay kufanya nini? Mkubwa wetu hapa alikuwa anapigia watoto muhuri, hata wale wamesomea mbali. Unakuja na matokeo tu. Si ilikuwa imebandikwa hapo kwa mlango?" Niligeuka. Tangazo lilikuwa bado pale, limeanza kujikunja kwa jua. Lilisema shule ziwasomee wanafunzi wote. Shuleni kwetu halikusomwa. Mlango ule nilikuwa nikiupita kila asubuhi nikienda kununua unga wa chapati.

Nilisafiri tena mpaka Homa Bay. Fomu yangu ilikuwa bado juu ya redio, chini ya kitambaa cha kufuma. Madam hakuona haya. Aliniambia siku moja nitamshukuru, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia sitaki chakula chake. Naikumbuka sentensi hiyo kwa fahari hata sasa, maana ilikuwa mara ya kwanza nilipomkatalia mtu mzima chakula nyumbani kwake, na ilimuuma kuliko tusi.

Barua ilipokuja, ilikuwa ya ualimu, kama alivyosema. Shangazi Plista alifunga hoteli mapema, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata siku ya uchaguzi, akachinja kuku wawili. Wateja walijaa, wa benchi na wa nje. Mimi nililia, wakasema ni furaha. Nikamvuta shangazi nyuma kwenye jiko nikamwambia hawajaniita kwenye udaktari, wameniita kwenye ualimu, sikuomba ualimu. Alinishika mashavu kwa mikono yenye manyoya ya kuku. "Si umeitwa?" alisema. "Sasa unataka uitwe mara ngapi?" Na alikuwa anasema kwa upendo mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha. Kumshitaki Madam kwa nani? Kwa watu wote ninaowajua, alichonifanyia kilikuwa zawadi. Nilipofika chuoni baadaye niliomba kuhamia udaktari, nikaambiwa darasa limejaa, na nisirudi kuuliza. Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla sijaenda, mwaka ule ulikuwa bado na siku moja.

Shule yetu, kama nyingi, ilikuwa na siku ya kuwaombea watahiniwa kabla ya mtihani. Wazazi huja, kasisi huja, kalamu za wasichana hubarikiwa ndani ya kikapu. Madam alituma ujumbe nihudhurie, niwatie moyo kidato cha nne. Nilikwenda. Niliazima blauzi ya shangazi, nikapanda na hasira yangu mpaka Homa Bay. Bwalo lilikuwa limepambwa kwa karatasi za rangi. Wasichana walikuwa wamekaa kwa mistari, nyuma yao wazazi, na Madam mbele kwa suti ya kijani, akinishika bega.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Huyu alitaka kujipandisha mahali haimtoshi. Nikamwambia hapana, akanisikiza. Leo ameitwa! Haya ni matunda ya utii." Makofi. Akanisukuma mbele kidogo, akaninong'oneza, "Sema kidogo tu."

Nilisema, "Mimi sikuitwa nilikoomba." Makofi yaliyokuwa yakiishia yalikatika. "Nilipata A. Nilijaza fomu ya kubadilisha, nikaiacha nyumbani kwa Madam, na haikutumwa. Ilikuwa juu ya redio. Hakuna aliyetusomea tangazo la siku ya mwisho, na nyinyi pia hamtasomewa..."

Madam alianzisha wimbo. Alikuwa na sauti nzuri, ya kwanza kanisani. Kwetu wimbo wa kanisa ukianza, watu husimama, hata kama wewe uko katikati ya sentensi, na bwalo lote lilisimama, wasichana na wazazi na kasisi, wakaimba. Niliendelea kusema. Nilijiona mdomo ukienda, sauti sikuisikia mwenyewe. Wazazi walikuwa wanatabasamu na kupiga makofi ya wimbo, wengine wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Sijawahi kukasirika namna ile, kabla wala baadaye. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuwa anaimba. Alinitazama usoni, akatamka kwa midomo tu, pole pole ili nimwelewe: siku ya mwisho ni lini?

Kwenye ukuta wa pembeni, mbali na aliposimama Madam, kulikuwa na ubao ambao wapishi huandikia chakula cha wiki. Nilikwenda nikafuta maharagwe na sukumawiki kwa kiganja, nikachukua chaki. Niliandika kwa herufi kubwa, mwandiko ule wangu wa ubaoni ulizaliwa siku ile. Niliandika kwamba baada ya matokeo chaguo linaweza kubadilishwa, ni wiki chache tu. Kwamba wasingoje kuambiwa na shule, waende ofisi ya elimu ya wilaya yao wenyewe siku ile ile matokeo yanapotoka, wasome mlangoni siku ya mwisho. Kwamba afisa wa elimu hupiga muhuri, si lazima mwalimu mkuu. Kwamba wadai nakala. Kwamba wasimwachie mtu fomu, hata akiwapikia. Nyuma yangu wimbo ulianza kupungua, kwanza mstari wa mbele, kisha uliofuata, kadiri walivyokuwa wakisoma, mpaka wakabaki wazazi peke yao, kisha nao wakanyamaza.

"Monita," Madam alimwita kiranja wa bwalo. "Futa hiyo."

Monita hakusogea. Hakuna aliyesogea. Kikapu cha kalamu kilikuwa kimepitishwa mkono kwa mkono kutoka kwa kasisi, na wasichana walikuwa wameinama wanaandika, wengine kwenye karatasi za maombi, wengine viganjani. Madam alisubiri, akaona hapana. Akaja mwenyewe ubaoni, kwa viatu vyake vya kisigino, akilikata bwalo lile pana, bila kukimbia, maana mwalimu mkuu hakimbii mbele ya wazazi. Alichukua dasta akafuta neno moja moja mpaka ubao ukawa mweusi. Walikuwa wameshamaliza kunakili.